Presha ya Petroli: Tupime Kwanza, Ndipo Tununue



Kila msimu wa karafuu unapokaribia, huturudia lalamiko lile lile. Gari huwaka vizuri asubuhi, lakini likishapakiwa magunia hukosa nguvu kilimani. Huitwa fundi, akasikiliza injini, akasema pampu ya petroli imekufa. Hununuliwa pampu, ikafungwa, na baada ya siku mbili ugonjwa ni ule ule. Fedha imekwenda, na karafuu zimebaki shambani.

Hatuna haja ya kumweleza mwanachama hasara ya jambo hilo. Karafuu mbichi ikilala ndani ya gunia hupata joto na kuchacha, na kesho yake, hata jua likiwa kali namna gani, rangi iliyoharibika hairudi. Mchumaji amekwisha kulipwa kwa pishi, mchambuaji amekwisha kulipwa, na mali imeshuka daraja kwa sababu ya gari. Basi gari nalo ni chombo cha kazi yetu, kama vile ngazi na jamvi.

Katika toleo hili tunapenda kueleza kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hawakifanyi, nacho ni kupima presha ya petroli katika gari la nozeli, yaani gari lisilo na kabureta. Hatusemi kwamba kila mwanachama awe fundi. Tunasema kwamba kila mwenye gari ajue la kumwuliza fundi kabla hajatoa fedha mfukoni. Sisi wenyewe tulilijua jambo hili kwa hasara, tena mbali sana na mikarafuu yetu, na yafaa tuanze na habari hiyo.

YALIYOTUPATA MAKAMBAKO

Mwezi wa Juni 2023, kabla ya msimu, sisi wanachama sita tulikwenda Njombe kutazama jinsi wakulima wa parachichi wanavyotunza vitalu vya miche na kuuza mazao yao kwa vikundi. Tulipanda Toyota Hiace ya petroli ya mwenzetu mmoja, gari ambalo kwa miaka mingi lilikuwa likilala Kigamboni, karibu kabisa na ufuko wa bahari.

Kutoka Dar es Salaam hadi Mikumi gari lilikwenda bila taabu. Katika mlima wa Kitonga lilianza kuhema, nasi tukasema ni uzito wa watu na mizigo. Tulipoipita Mafinga likawa linashtuka-shtuka kila lilipopanda. Tukafika Makambako usiku, baridi kali, na kila mmoja wetu amejifunika kanga, shuka au chochote alichokipata.

Makambako ni mji wa njia panda. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam kwenda Mbeya na Zambia hukutana hapo na ile iendayo Njombe na Songea, na reli ya TAZARA ina stesheni yake hapo. Kwa hiyo gereji si haba. Asubuhi tulimpata fundi wa kwanza, kijana mwenye bidii. Alikanyaga mafuta mara tatu, akasikiliza, akasema ni pampu. Tukanunua pampu, akaifunga, tukamlipa, tukaaga.

Hatukufika mbali. Katika vilima vya kwanza vya njia ya Njombe gari lilishtuka kama jana. Tukageuza, tukarudi Makambako kwa aibu.

Fundi wa pili alikuwa mtu mzima. Alitupokea kwa "kamwene," ambayo ni salamu ya Wabena, akatukaribisha viti, kisha akatuuliza maswali matatu. Gari hili hulala wapi? Filta ya petroli ilibadilishwa lini? Na huyo aliyewauzia pampu alipima nini? Swali la kwanza tulilijibu. La pili tulilikisia. La tatu halikuwa na jibu, kwa maana hakuna kilichopimwa.

Wazee wenzetu, sisi ni watu tusiokubali karafuu zetu zichukuliwe bila mizani, wala daraja lake kutajwa na mtu asiyezikagua. Lakini gari la fedha nyingi tulikubali liamuliwe kwa sikio.

JINSI PETROLI INAVYOSUKUMWA

Ili kipimo kieleweke, kwanza tujue safari ya petroli kutoka tangini hadi kwenye injini.

Katika gari la kabureta, petroli hufika polepole katika kibakuli cha kabureta, na upepo unaoingia injini huivuta kutoka humo. Pampu yake husukuma kidogo sana. Suzuki Carry za zamani, zile ambazo watu wa bara huziita kirikuu, ni za namna hiyo.

Gari la nozeli ni jambo jingine. Ufundi huu si wa jana. Mercedes-Benz 300 SL ya mwaka 1954 ilirusha petroli kwa pampu ya vyuma vitupu, na mwaka 1967 kampuni ya Bosch ilitoa mtambo ulioongozwa kwa umeme katika gari la Volkswagen. Leo karibu kila gari dogo la petroli linaloingia kwetu kutoka Japani ni la namna hii.

Safari yake ni hii. Ndani ya tangi imo pampu ya umeme. Pampu husukuma petroli ipite katika filta, ifuate bomba, ifike katika reli ya mafuta iliyo juu ya injini. Kwenye reli hiyo zimepangwa nozeli, kila silinda na nozeli yake. Nozeli ni mlango mdogo tu. Kompyuta ya gari huufungua kwa muda mfupi mno, elfu chache za sekunde, kisha huufunga.

Hapa ndipo presha inapohusika. Kompyuta huhesabu muda wa kufungua mlango, wala haipimi petroli iliyopita. Hudhani kwamba nyuma ya mlango petroli inasukumwa kwa nguvu ile ile siku zote. Nguvu ikipungua, mlango utafunguliwa kwa muda ule ule lakini petroli itakayopita ni haba, na injini itakosa nguvu. Nguvu ikizidi, petroli itakuwa nyingi, moshi utakuwa mweusi, na tangi litaisha upesi. Ni kama mtu anayejaza ndoo kwa kuhesabu hadi kumi chini ya bomba. Hesabu yake ni sawa maadamu maji ya bomba hayajapungua.

Kazi ya kuiweka presha mahali pake ni ya kidhibiti, ambacho mafundi hukiita regulata. Katika magari ya zamani kidogo, regulata huwa mwishoni mwa reli, na petroli inayozidi hurudi tangini kwa bomba la pili. Regulata hiyo ina mpira mwembamba unaoiunga na njia ya hewa ya injini, nao tutautaja tena. Katika magari ya karibuni, regulata imo ndani ya tangi pamoja na pampu, na bomba la kurudisha halipo.

Presha hupimwa kwa paundi kwa kila inchi ya mraba, kipimo kile kile cha upepo wa tairi. Hapa tutasema paundi tu. Tairi la gari dogo huchukua kama paundi 30. Petroli katika reli husukumwa kwa nguvu zaidi ya hiyo. Katika Toyota nyingi zenye bomba la kurudisha, presha hutakiwa iwe paundi 38 hadi 44, mpira wa regulata ukiwa umechomolewa. Katika Toyota nyingi zisizo na bomba la kurudisha, ni paundi 44 hadi 50. Geji nyingine zimeandikwa kilopaskali, na paundi 44 ni kama kilopaskali 304. Gari la kampuni nyingine lisomewe kitabu chake, wala hesabu ya gari moja isipelekwe kwa jingine.

HEWA YA NJOMBE NA HEWA YA PEMBA

Kuna jambo linalowapoteza wengi wanaotoka pwani kwenda nyanda za juu, nasi lilitupoteza. Mji wa Njombe uko kiasi cha mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Makambako uko chini ya hapo, lakini nao ni juu sana kwa mtu wa Wete au Mkoani. Huko hewa ni nyepesi. Pwani uzito wa hewa hutukandamiza kwa paundi 14.7, na Njombe ni kama 11.5 tu. Injini isiyo na tabo huvuta hewa pungufu kwa kiasi cha moja ya tano, na nguvu yake hupungua kwa kadiri hiyo hiyo. Gari zima kabisa la Chake Chake likipelekwa Njombe litakuwa zito kidogo kilimani, wala hilo si ugonjwa.

Basi mtu atajuaje kama ni hewa ya mlima au ni ugonjwa wa petroli? Kwa sikio hatajua. Kwa geji atajua, na sababu yake ni hii. Kompyuta hupunguza petroli kulingana na hewa kwa kufupisha muda wa nozeli, wala haipunguzi presha. Swichi ikiwashwa, injini ikiwa imezimwa na mpira wa regulata ukiwa umechomolewa, geji inatakiwa isome hesabu ile ile pwani na mlimani. Ikiwa Wete ilisoma 40, Njombe nako isome 40. Ikipungua, ni ugonjwa, wala mlima usisingiziwe.

Tofauti hutokea injini ikiwa inaunguruma polepole na mpira umerudishwa. Hapo injini hunyonya hewa kwa ule mpira na kuishusha presha. Pwani hushuka kama paundi 8 hadi 10. Njombe hushuka kama 6 au 7, kwa sababu hewa ya nje yenyewe ni nyepesi. Fundi asiyejua haya, akilinganisha hesabu ya Njombe na ya Dar es Salaam, anaweza kusema regulata ni mbovu nayo ni nzima.

TAHADHARI KABLA YA KUGUSA KITU

Petroli iliyo chini ya presha haimwagiki tu. Huruka kama dawa ya mbu, na mvuke wake huwaka kabla ya petroli yenyewe. Mvuke huo ni mzito kuliko hewa. Hulala chini, huingia katika shimo la gereji, na husafiri hadi ulipo moto. Njombe na Makambako katika miezi ya Juni na Julai watu huota jiko la mkaa hata ndani ya gereji. Fundi wetu wa pili, kabla hajagusa spana, alilitoa jiko lake nje akaliweka mbali. Tulifurahi kuona hivyo, na tunawaomba wanachama wayashike haya:

1. Kazi ifanywe nje, injini ikiwa imepoa. Pasiwe na sigara, jiko, taa ya chemli wala mtu wa kuchomelea vyuma karibu.

2. Mtungi wa kuzimia moto, ule wa unga, uwe mkononi, na ndoo ya mchanga iwe pembeni. Maji hayafai, kwa maana petroli huelea juu yake na kuendelea kuwaka.

3. Presha iondolewe kwanza. Fyuzi au relei ya pampu hutolewa, injini huwashwa na kuachwa mpaka izime yenyewe kwa kukosa mafuta, kisha hujaribiwa tena mara moja. Baada ya hapo waya wa hasi wa betri hufunguliwa.

4. Bomba likifunguliwa lifunikwe kitambaa, kwa maana petroli kidogo hubaki. Kitambaa hicho kisitupwe karibu na injini. Macho yakingwe kwa miwani.

NAMNA YA KUPIMA

Chombo chenyewe ni geji inayosoma hadi paundi 100, yenye mpira uliotengenezwa kwa petroli na viungo vya kuingia katika mabomba ya aina mbalimbali. Si chombo cha ajabu wala cha fedha nyingi ukikilinganisha na pampu. Mpira wa maji ya bustani haufai kabisa, kwani petroli huulainisha na presha huupasua.

Kwanza, geji hufungwa kati ya filta na reli kwa kiungo cha njia tatu, ili petroli iendelee na safari yake huku presha ikisomwa. Mahali penye washa za shaba ziwekwe washa mpya.

Pili, betri hurudishwa na pampu huendeshwa bila kuwasha injini. Magari mengi huiendesha pampu kwa sekunde mbili tu swichi inapowashwa, kwa hiyo swichi huwashwa na kuzimwa mara kadhaa. Toyota nyingi za zamani zina kisanduku cha uchunguzi karibu na injini, chenye matundu yaliyoandikwa +B na FP. Yakiunganishwa kwa kipande cha waya, swichi ikiwa imewashwa, pampu huzunguka mfululizo. Hapo kila kiungo kikaguliwe. Likionekana tone moja, kazi isimame.

Tatu, husomwa presha mpira wa regulata ukiwa umechomolewa. Hii ndiyo hesabu ya msingi.

Nne, injini huwashwa na mpira hurudishwa. Presha ishuke kama tulivyoeleza. Mpira ukichomolewa tena, ipande mara moja. Katika gari lisilo na bomba la kurudisha, hesabu haibadiliki sana injini ikiwaka au ikizimwa.

Tano, injini huzimwa na saa hutazamwa. Kwa Toyota nyingi, baada ya dakika tano geji isiwe chini ya paundi 21.

Sita ni kipimo kinachosahauliwa na wengi, nacho ndicho kilichotuokoa sisi. Gari lipimwe likifanya kazi. Injini ikiunguruma polepole hunywa petroli kidogo sana, na hata pampu dhaifu huweza kuitosheleza. Udhaifu huonekana kilimani. Fundi hulaza geji juu ya kioo cha mbele, kwa nje, akaibana kwa waipa na kuifunga kwa kamba, mpira ukipita chini ya boneti mbali na mahali pa moto. Kisha gari hupandishwa mlima huku mwingine akisoma. Kamwe mpira wa petroli usiingizwe ndani ya gari walimo watu.

MAANA YA HESABU

Geji ikisoma sifuri, tazama kwanza vitu vya bei ndogo, navyo ni petroli tangini, fyuzi, relei na waya. Pampu iwe ya mwisho kushukiwa.

Geji ikisoma chini ya kiasi, sababu ni moja kati ya nne, yaani filta iliyoziba, regulata inayopitisha mafuta ovyo, pampu iliyochoka, au umeme haba unaoifikia pampu. Ili kuzipambanua, mpira wa kurudisha mafuta hubanwa taratibu kwa sekunde moja au mbili, jicho likiwa kwenye geji. Presha ikiruka juu, pampu na filta ni nzima na regulata ndiyo mbovu. Ikikataa kupanda, tafuta katika filta, pampu na umeme. Bomba la plastiki au la chuma lisibanwe, maana litavunjika.

Geji ikisoma juu ya kiasi, bomba la kurudisha limeziba au limepondeka, au regulata imekwama. Presha isiposhuka injini inapounguruma, angalia ule mpira mwembamba. Huenda umepasuka au umechomoka.

Presha ikianguka upesi baada ya kuzima, kuna kitu kinachovuja. Huenda ni kizuizi cha ndani ya pampu, regulata, au nozeli inayodondosha. Dalili yake ni gari kukataa kuwaka upesi baada ya kupumzika kidogo likiwa na joto.

Mpira wa regulata ukichomolewa ukakutwa na petroli ndani yake, ngozi ya regulata imetoboka. Hapo hapahitaji kipimo kingine, regulata ibadilishwe.

Na kama hesabu zote ni sawa, gari likiunguruma na likipanda mlima, basi ugonjwa hauko upande wa presha. Fundi aende kwenye plagi, koili, filta ya hewa au nozeli zilizoziba. Hiyo nayo ni faida, kwa maana mtu ameepuka kununua pampu asiyoihitaji.

MWISHO WA HABARI YA HIACE

Fundi wa Makambako alifunga geji. Mpira ukiwa umechomolewa ilisoma 39. Injini ikiunguruma, mpira ukiwa mahali pake, ilisoma 33. Hesabu zote mbili ni njema kwa mahali palipo juu kama pale. Sisi tukaanza kusema kwamba basi ni baridi au ni mlima. Yeye akatikisa kichwa, akalaza geji kwenye kioo, akatwambia twende.

Katika kilima cha kwanza sindano ilishuka hadi 35. Gari lilipoanza kushtuka ilikuwa 25. Pampu ilikuwa mpya, ya jana. Tukanyamaza.

Aliporudi alifungua filta, akaikuta inapitisha bila shida. Kisha akatwaa mita ya umeme. Kwenye betri, injini ikiwaka, alipata volti 13.8. Kwenye plagi ya waya wa pampu, pampu ikiwa kazini, alipata 9.6. Volti zaidi ya nne zilikuwa zinapotea njiani, na pampu, iwe mpya au ya zamani, haiwezi kusukuma sawasawa kwa umeme nusu. Akaufuata waya hadi mahali unapofungwa kwenye bodi, chini ya sakafu. Bolti ilikuwa imeliwa na kutu na kichwa cha waya kimekuwa kijani. Chumvi ya Kigamboni ilikuwa imefanya kazi yake kwa miaka, polepole, bila kelele. Ndiyo maana swali lake la kwanza lilikuwa gari hulala wapi.

Alisugua chuma kwa msasa mpaka kikang'aa, akaweka kichwa kipya na bolti mpya, akapaka grisi. Umeme wa pampu ukawa volti 13.3. Tukapanda kile kile kilima, sindano ikasimama kati ya 39 na 40 haikutikisika. Tulimwomba airudishe pampu yetu ya zamani ili tujue ukweli, akairudisha, tukapanda tena. Nayo ilisimama pale pale. Pampu tuliyoinunua haikuwa na kosa, na tuliyoitoa haikuwa na kosa pia. Waya mmoja ndio uliotugharimu siku mbili, pampu, na miadi ya watu waliokuwa wakitungoja Njombe.

Hatumlaumu yule kijana. Alifanya kazi tuliyomruhusu kuifanya. Lakini funzo ni letu sote tunaokaa visiwani, ambako upepo wa chumvi hauna likizo. Geji humwonyesha mtu kwamba petroli haisukumwi vya kutosha, lakini haimwambii kwa nini. Baada ya geji lazima ije mita ya umeme, kabla ya fedha kutoka.

MAGARI YASIYOFAA KUJARIBIWA HIVI

Tunatoa onyo kwa wenye magari ya petroli yenye alama ya D-4, kama baadhi ya Toyota Noah na Voxy. Haya yana pampu mbili. Ile ya tangini husukuma kwa kiasi cha kawaida na hupimika. Ya pili, iliyo juu ya injini, husukuma kwa zaidi ya paundi 1,000. Huko geji tuliyoitaja itapasuka. Presha yake husomwa kwa mashine ya kusomea kompyuta ya gari, wala si kwa kufungua bomba.

Magari ya dizeli ya kisasa ni hatari zaidi, kwani presha yake hufika paundi 20,000 na zaidi. Mafuta yanayoruka katika tundu dogo kwa nguvu hiyo hupenya ngozi ya mkono. Jeraha huonekana kama tundu la sindano na halitishi, lakini mtu huyo anatakiwa afikishwe hospitali saa ile ile na kufanyiwa upasuaji, la sivyo anaweza kupoteza kidole au mkono. Mtu asipapase kwa mkono kutafuta bomba linalovuja katika injini ya namna hiyo.

USHAURI WETU

Kabla ya msimu, kila mwenye gari la nozeli apimiwe presha likiwa zima, na hesabu aziandike katika daftari pamoja na tarehe na namba ya gari. Aandike hesabu ya mpira uliochomolewa, ya injini ikiunguruma, na ya baada ya dakika tano kuzimwa. Siku gari likiugua fundi atakuwa na cha kulinganisha. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na gari ni mali.

Filta ibadilishwe kwa wakati wake. Tangi lisiachwe likauke mara kwa mara, kwa sababu petroli ndiyo inayoipoza pampu iliyozama ndani yake, na uchafu wa chini huvutwa mafuta yakipungua. Waya za bodi zikaguliwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa mwaka, hasa kwa gari linalolala karibu na bahari au linalopanda meli mara kwa mara.

Wanachama wa tawi moja wanaweza kuchanga wakanunua geji moja na mita moja ya umeme, vikakaa kwa katibu, na kila anayevihitaji akavitia sahihi. Fundi asiye na geji ataitumia ya tawi. Na fundi akisema pampu imekufa, tumwulize kwa adabu: Bwana fundi, geji imesoma ngapi, na volti ni ngapi kwenye pampu? Akiwa na majibu mawili hayo, mpeni fedha yenu kwa moyo mweupe. Akiwa hana, gari lisubiri kidogo, karafuu zianikwe kwanza.

Tunawatakia msimu wa salama na mvua isiyozidi.